Uzi maalumu: Vitamu vya chokoleti kwa maharage, bila mayai, bila maziwa, bila unga wa ngano

#1 Mwiko wa Mti (mleta mada)

Wakuu, habari za wakati huu.

Kila mtu akiuliza kama kweli keki ya chokoleti inapikika kwa maharage, majibu huwa mawili: "inawezekana, saga tu" au "usijaribu, itanuka maharage". Yote mawili yamenigharimu. Mwanangu wa pili ana mzio wa mayai na maziwa, na kwa miaka minne sasa hii ndiyo chokoleti ya nyumbani kwetu, ya siku ya kuzaliwa na ya siku yoyote ile. Nimeharibu sana kabla ya kupatia, kwa hiyo naomba niandike kwa kirefu.

Mara ya kwanza nilipika maharage yakaiva kama ya kuliwa mezani. Nikayasaga, nikaona yamelainika, nikaoka. Mtoto alitafuna mara mbili, akasimama, akaniangalia. Nilipoonja nikaelewa: kwenye ulimi kulikuwa na chenga kama mchanga mwembamba, na kakao ilipopita ikabaki ile ladha ya maharage ya jana. Nikadhani utamu umepungua. Mara ya pili nikazidisha tende, nikapata maharage matamu. Mara ya tatu nikazidisha kakao, nikapata maharage machungu. Ilinichukua muda kung'amua kwamba mambo yalikuwa yameshaharibika kwenye sufuria, kabla hata pakiti ya kakao haijafunguliwa.

Kwa hiyo nitaanzia kwenye sufuria.

Chagua maharage meusi ukiyapata, maana rangi yake inajificha ndani ya kakao na ladha yake ni tulivu. Mekundu yanafaa pia. Meupe yana ladha hafifu kuliko yote, na hayo ndiyo ninayotumia kwa chokoleti ya kupaka. Loweka usiku kucha, mwaga yale maji, osha, weka maji mapya. Usitie kitunguu, usitie kitunguu saumu, wala usitumie sufuria iliyopikiwa mchuzi jana yake kama mfuniko wake bado unanukia viungo. Chemsha kwa moto mkali kwanza, maji yabubujike kwelikweli, kisha punguza moto uache yaendelee mpaka yapite kule kuiva ulikozoea.

Yamepita vipi? Chukua punje moja, iweke kati ya kidole gumba na cha shahada, bonyeza taratibu. Ya mezani hubonyea, lakini ganda lake huteleza na kubaki zima kwenye kidole kama karatasi. Ya chokoleti lazima ganda lisagike pamoja na nyama ya ndani, vidole vibaki na ute laini tu usio na kipande. Jaribu punje tatu za sehemu tofauti za sufuria, kwa sababu za chini huwahi kuiva. Kama hata moja imebakiza ganda, rudisha motoni kwa dakika 20.

Jingine ambalo lilinibadilishia kila kitu: saga yakiwa ya moto. Wanga wa maharage ukipoa hujikaza, na maharage ya friji hata uyasage robo saa hubaki na chenga. Kama yameshapoa, yachemshe tena kwa maji kidogo, yachuje, ndipo usage. Ukimaliza paka kidogo nyuma ya kijiko. Ukiona vidoa, bado.

Mapishi yenyewe yanakuja kwenye posti inayofuata.

#2 Mwiko wa Mti (mleta mada)

BRAUNI, yaani zile keki nzito za chokoleti zinazokatwa vipande vya mraba. Bati la sentimita 20 kwa 20.

Maharage meusi yaliyopikwa na kuchujwa, gramu 250
Tende zisizo na kokwa, gramu 150
Unga wa kakao usio na sukari, gramu 45
Siagi ya karanga au ya lozi, isiyotiwa sukari, gramu 90
Unga wa oti, gramu 40
Mbegu za kitani zilizosagwa, kijiko 1 cha chakula, na maji vijiko 3
Maziwa ya mimea au maji, kama mililita 100
Beking poda, kijiko 1 cha chai
Chumvi, robo kijiko cha chai
Vanila, kijiko 1 cha chai
Chokoleti nyeusi iliyokatwakatwa, gramu 80

Tende ziloweke kwenye maji ya moto dakika 15, uzichuje. Mbegu za kitani changanya na maji yake, ziache dakika 10 zitoe ute. Huo ndio utakaoshika mchanganyiko badala ya yai. Saga maharage, tende na maziwa mpaka yawe kama hariri. Ongeza siagi ya karanga, ute wa kitani, vanila, saga tena kidogo. Kisha hamishia kwenye bakuli. Unga wa kakao, oti, chumvi na beking poda usivitie kwenye blenda, vichanganye kwa mwiko. Mwisho chokoleti ya vipande, nusu ndani na nusu juu.

Oveni nyuzi 175 za Selsiasi, dakika 25 hadi 28. Kile kijiti cha kupimia keki hapa kitakudanganya. Kitatoka na uji hata kama keki imeiva, kwa sababu ndani hakuna unga wa ngano wa kukauka. Angalia kingo: zikianza kujitenga na bati na katikati ikaacha kutikisika ukisukuma bati kidogo, itoe.

Na sasa naomba mnisikilize wote. USIIKATE IKIWA YA MOTO. Ikitoka kwenye oveni ni laini mno, inanata, na ladha ya maharage bado inasikika. Iache ipoe kabisa, ifunike, iweke kwenye friji mpaka kesho. Wanga utajikaza, safari hii kwa faida yako, kakao itakolea, na kipande kitakatika kikiwa na kingo safi. Watu wengi wanaonja usiku ule ule, wanakata tamaa, wanaitupa. Mimi mwenyewe nilitupa bati zima kabla sijajua hili, na bado linaniuma.

#3 Mpenda Tamu

Asante sana mleta mada. Swali langu ni la msingi: kwa nini maharage yanaweza kushika nafasi ya unga? Na yanaweza kwenye keki ya aina yoyote? Mke wangu anataka keki laini ya kuumuka, ya tabaka mbili.

#4 Mwiko wa Mti (mleta mada)

Kaka, kwa keki ya kuumuka nitakwambia ukweli: usimpikie ya maharage. Unga wa ngano una gluteni, ule utando unaovutika na kushika hewa mpaka keki ikaumuka. Maharage hayana. Yana wanga na protini, na wanga wake umeshavimba kwa maji tangu kwenye sufuria, kwa hiyo hauna njaa ya kunywa maji mengine na kujenga ukuta kama unga mkavu unavyofanya. Ndiyo maana yanatoa kitu kizito, chenye unyevu, kinachoyeyuka mdomoni. Kwenye brauni hiyo ndiyo sifa tunayoitafuta. Kwenye keki ya tabaka ni kasoro, itashuka katikati.

Kwa hiyo maharage yatumie pale uzito unapopendwa: brauni, vibonge, chokoleti ya kupaka, kujazia katikati ya keki. Mambo ya hewa muachie maji ya dengu, nitayaeleza.

#5 Bi Mchanja Kuni

Dada, mimi sina oveni. Nina jiko moja na blenda. Nisaidie.

#6 Mwiko wa Mti (mleta mada)

Mama, wewe ndiye utakayepata kitu kitamu kuliko sisi wote. Tengeneza vibonge.

Maharage yaliyopikwa gramu 240, tende gramu 100 zilizolowekwa, chokoleti nyeusi gramu 120, kakao vijiko 2 vya chakula, chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Saga maharage na tende, bila maji ya ziada kama blenda yako inaweza. Ikigoma, kijiko kimoja kimoja. Chokoleti iyeyushe kwenye bakuli lililokaa juu ya sufuria yenye maji ya moto, bakuli lisiguse maji. Changanya vyote, weka kwenye friji kwa muda wa saa moja mpaka ushikike, viringisha kwenye viganja. Utapata kama 18. Vigaragaze kwenye kakao, au nazi iliyokunwa na kukaushwa, au lozi zilizopondwa.

Kwa kuwa hapa hakuna kuoka tena, maharage lazima yawe yameiva kabisa kwenye sufuria. Sisemi kwa ajili ya ladha peke yake.

#7 Daftari la Lishe

Naomba niongezee hapo alipoishia mleta mada, maana nafanya kazi ya lishe na jambo hili huwa halisemwi vya kutosha.

Maharage mabichi, hasa mekundu yale makubwa, yana lektini, aina ya protini ya asili yenye sumu, inayoitwa fitohemaglutinini. Punje nne au tano mbichi zinatosha kumfanya mtu mzima atapike na kuharisha, kwa kawaida ndani ya saa moja hadi tatu. Inaharibiwa na mchemko kamili. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) inashauri kuloweka kwa angalau saa 5, kumwaga maji hayo, na kuchemsha kwenye maji mapya kwa angalau dakika 30. Hatari kubwa ni kwa wenye majiko ya umeme ya kupika polepole. Joto lake linaweza lisifike kiwango cha mchemko, na maharage yaliyopashwa hivyo bila kuchemka huweza kuwa na sumu kali kuliko hata mabichi. Kama unalitumia jiko hilo, chemsha kwanza kwenye sufuria ya kawaida.

Kwa sababu hiyo hiyo, yale mapishi ya kusaga maharage makavu kuwa unga na kuutia kwenye vitafunio visivyopikwa, tafadhali yaacheni. Ya kopo hayana shida, yameshapikwa kiwandani. Yaoshe tu kuondoa chumvi na ule ute.

Kuloweka na kumwaga maji kuna faida nyingine. Gesi inayowasumbua watu hutoka kwenye sukari zinazoitwa rafinosi na stakiosi. Utumbo wetu hauna kimeng'enya cha kuzivunja, hivyo zinafika kwa bakteria wa utumbo mpana na kuchachuka huko. Sehemu yake huondoka na maji ya kulowekea.

#8 Mpenda Tamu

Daktari, nashukuru. Je, mgonjwa wa kisukari anaweza kula hizi kwa kuwa ni "za kiafya"? Baba yangu anayo, na anapenda tamu kuliko sisi watoto.

#9 Daftari la Lishe

Mimi si daktari kaka, ni mtu wa lishe. Nitakupa hesabu, kisha ukakae na wanaomtibu mzee.

Maharage meusi yaliyopikwa, gramu 100, yana takriban gramu 9 za protini na karibu gramu 9 za nyuzinyuzi. Brauni ya mleta mada ina gramu 250 za maharage, hivyo nyuzinyuzi kama gramu 22 kwa bati zima. Kakao nayo watu huisahau: karibu theluthi ya uzito wa unga wa kakao ni nyuzinyuzi, kwa hiyo gramu 45 zinaongeza kama 15. Hapo ni pazuri kweli, maana nyuzinyuzi hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu.

Ila tende ni sukari. Gramu 100 za tende kavu zina sukari zaidi ya gramu 60. Zile gramu 150 zinaleta karibu gramu 95 kwa bati. Ukikata vipande 16, kila kimoja kina kama gramu 6 za sukari ya tende, na bado hujahesabu chokoleti iliyomo. Shirika la Afya Duniani (WHO) katika mwongozo wake wa mwaka 2015 linataka sukari huru (inayoongezwa kwenye chakula, pamoja na ya asali na sharubati) iwe chini ya asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana chini ya asilimia 5, yaani kama gramu 25 kwa mtu mzima. Tunda zima halihesabiwi humo, lakini sharubati ya tende inahesabiwa. Kwa hiyo tumieni tende nzima. Kwa mzee, kipande kimoja kidogo baada ya chakula, apime sukari yake aone mwili wake unajibu vipi. Neno "kiafya" lisimpe ruhusa ya vipande vinne.

Na msiihesabu kama chakula cha kuongeza damu. Maharage yana madini ya chuma, ila polifenoli, kemikali za asili zilizomo kwenye kakao, zinazuia sehemu ya chuma hicho kufyonzwa.

#10 Mwiko wa Mti (mleta mada)

Nakubaliana na kila neno hapo juu. Na mimi nimeshajaribu kupunguza tende mpaka gramu 100. Inakubali, ilimradi chumvi isikosekane, kwa sababu chumvi inapunguza uchungu wa kakao na utamu unasikika zaidi. Nusu kijiko cha chai cha kahawa ya unga, ile ya kuyeyuka, nayo inasaidia. Huisikii kahawa, unasikia chokoleti zaidi.

#11 Jikoni Usiku

Wakuu nisaidieni haraka. Natengeneza vibonge SASA HIVI. Nimeyeyusha chokoleti ikawa nzuri inang'aa, nikatia kijiko kimoja cha maharage kuonja mchanganyiko, ghafla imeshikamana, imekuwa kavu kama udongo. Nimeiunguza?

#12 Mwiko wa Mti (mleta mada)

Hujaunguza, usitupe! Zima moto kwanza.

Chokoleti ni unga wa kakao na sukari uliolala ndani ya mafuta. Tone dogo la maji likiingia, chembe za sukari zinalowa na kung'ang'aniana, mafuta yanasukumwa pembeni. Maharage yako yana maji, ndicho kilichotokea. Cha kushangaza ni kwamba dawa yake ni maji zaidi. Pasha maziwa ya mimea au maji, tia kijiko kimoja cha chakula, koroga kwa nguvu kuanzia katikati, tia kingine. Vijiko viwili au vitatu itarudi kulegea na kung'aa. Haitafaa tena kupaka juu ya kitu ikauke, lakini kwa vibonge inafaa kabisa.

Siku nyingine mimina chokoleti kwenye maharage yote kwa pamoja, yakiwa ya vuguvugu. Usitie maharage kidogo kidogo kwenye chokoleti.

#13 Jikoni Usiku

Imerudi! Vijiko vitatu. Nilikuwa nimeshashika kifuniko cha pipa la taka. Mungu akubariki dada.

#14 Mzee wa Kakao

Nimefuatilia uzi huu kwa hamu. Naomba nigusie kakao yenyewe, kwa kuwa wengi wanaharibikiwa hapo na kulaumu maharage.

Kwanza, tusichanganye: zile tunazoziita "punje za kakao" si jamii ya kunde. Ni mbegu za tunda la mti ambao Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, aliupa jina la Theobroma cacao mwaka 1753. Theobroma maana yake chakula cha miungu. Ndani ya bati la mleta mada maharage na kakao vinakutana kama wageni, havina undugu.

Pili, kakao ziko za aina mbili. Ya asili ni ya rangi ya kahawia iliyopauka, ina ukali wa asidi kidogo. Ya pili imetibiwa kwa alkali kuondoa ile asidi. Ni nyeusi zaidi na ladha yake imepoa. Njia hiyo ilitoka Uholanzi kwa familia ya Van Houten, wale wale ambao mwaka 1828 walipata hataza ya mashinikizo ya kukamua mafuta ya kakao, yaliyofanya unga wa kakao uwezekane. Sasa, beking soda inahitaji asidi ili itoe gesi. Ukiitumia na kakao iliyotibiwa, bila asidi nyingine, haina wa kupambana naye, inabaki na ladha ya sabuni. Mtu akionja anasema "maharage haya!" Maharage hayana kosa. Mleta mada ametumia beking poda, ambayo ina asidi yake ndani, kwa hiyo mapishi yake yanakubali kakao zote mbili.

Ushauri wangu: ya asili. Ile asidi yake inaikata ladha ya maharage, na matibabu ya alkali hupunguza flavanoli, kemikali za asili za kakao, ambazo ndizo sababu mojawapo ya watu kuisifia kakao.

#15 Mama Mapacha

Mimi nimesubiri hayo maji ya dengu. Na je, chokoleti nyeusi zote hazina maziwa? Mapacha wangu wana mzio kama mwanao.

#16 Mwiko wa Mti (mleta mada)

Mama Mapacha, naanza na swali la pili kwa sababu ndilo lenye uzito. HAPANA. Chokoleti nyeusi nyingi haina maziwa kwenye orodha ya viambato, lakini hutengenezwa kwenye mashine zinazopitisha chokoleti ya maziwa. Soma nyuma ya pakiti mpaka mstari wa mwisho. Ikiandikwa "huenda ikawa na chembe za maziwa", kwa mtu aliyechagua tu kula mimea inaweza isiwe neno, lakini kwa mtoto mwenye mzio usiiguse. Na usome kila unaponunua, hata ile uliyoizoea, maana viwanda hubadilisha mashine. Sisi tulishawahi kulala hospitali kwa sababu ya pakiti niliyoiamini kwa mazoea. Tangu siku hiyo nasoma kwa sauti na mtoto akiwa pembeni, ajifunze kusoma mwenyewe.

Sasa maji ya dengu. Nazungumzia dengu zile kubwa za rangi ya krimu. Mwaka 2014 Mfaransa Joël Roessel aligundua kwamba maji yaliyochemshiwa kunde yanapigika yakatoa povu kama ute wa yai. Mwaka uliofuata Mmarekani Goose Wohlt akayapa jina akwafaba, kutoka Kilatini, maji na haragwe. Vijiko 3 vya chakula ni kama yai moja.

Povu la chokoleti: maji ya dengu mililita 120, yawe mazito kama ute wa yai. Ukipika mwenyewe huwa mepesi, basi toa dengu, yaache yachemke peke yake yapungue, yapoe kabisa kwenye friji. (Ni maji ya KUPIKIA, wala si yale ya kulowekea. Hayo mwaga.) Bakuli liwe safi, lisiwe na hata chembe ya mafuta, mafuta yanaua povu. Tia matone machache ya limau, piga kwa mashine dakika 5 hadi 10 mpaka ukiinua mwiko wa mashine povu lisimame kama kilele na lisianguke.

Pembeni yeyusha chokoleti nyeusi gramu 150, iache ipoe mpaka ukigusa kwa kidole usisikie moto wala baridi, lakini bado inamiminika. Ikiwa ya moto, povu litayeyuka mbele ya macho yako. Ikipoa sana itaganda vipande vipande. Tia theluthi ya povu kwanza, changanya bila huruma. Lililobaki lichanganye taratibu kwa kulipindua kutoka chini kuja juu. Litashuka kiasi, usiogope. Gawa kwenye vikombe, friji kwa muda wa saa 4.

#17 Mama Mapacha

Hapo pa kusoma pakiti kwa sauti na mtoto, nimepachukua. Naanza leo.

#18 Kijiko Kimoja

Samahani wakuu, mimi nitasema tofauti. Kwa nini tunailazimisha chokoleti iwe maharage? Mtu akitaka maharage ale maharage, akitaka chokoleti ale kipande cha chokoleti nzuri, basi. Naona kama tunamdanganya mtoto.

#19 Mwiko wa Mti (mleta mada)

Nakuelewa, na sijakasirika. Kipande cha chokoleti nzuri ni kitu kamili, nami nakila. Ila sikubali kwamba ni udanganyifu. Mwanangu ndiye anayechagua punje na kuzibonyeza siku hizi. Anajua kilichomo kuliko mgeni yeyote mezani. Akialikwa kwenye sherehe za wenzake, mara nyingi hukaa na sahani tupu wakati keki inakatwa. Akija kwenye sherehe yake mwenyewe, keki ni moja kwa wote, na wote wanakula.

Na hata usingekuwapo mzio, maharage yanafanya kazi ambayo chokoleti tupu haiwezi. Yanashibisha. Vibonge viwili vinanitosha mchana mzima, wakati kipande cha chokoleti huita kingine.

Usiwaambie wageni "hii haina maharage", wala usiwafiche. Kuna watu maharage yanawasumbua tumbo, wana haki ya kujua. Mimi huwaambia kabla hawajachukua. Wengine hukataa, na ni sawa.

#20 Bi Mchanja Kuni

Nimerudi na majibu. Nimetengeneza vibonge kwa maharage mekundu. Nililoweka jana mchana, nikachemsha, nikajaribu punje kama ulivyosema. Mara ya kwanza ganda lilibaki kwenye kidole kabisa. Nikarudisha. Mara ya pili likabaki nusu. Mara ya tatu vidole vikawa na ute tu, nikajua ndiyo hapo. Blenda yangu ni dhaifu, ikaacha chenga kidogo, nikapitisha kwenye chujio la waya kwa kusukuma na mgongo wa kijiko. Kazi ilikuwepo, lakini ilitoka laini kama krimu. Jirani amekula vitatu, ndipo akauliza ni lozi gani hizi. Nilikuwa nimemwambia mwanzo, hakunisikia.

Swali: vitakaa siku ngapi? Na vinaingia friza?

#21 Mwiko wa Mti (mleta mada)

Chujio! Nilisahau kuandika hilo. Kila mwenye blenda dhaifu afanye kama Mama.

Vibonge na brauni kwenye friji, ndani ya chombo kinachofunga, siku 4. Usiviache mezani zaidi ya saa 2. Ni chakula cha maharage chenye unyevu, vinachacha kama maharage mengine yoyote. Harufu ikianza kuwa ya uchachu, mwaga. Kwenye friza miezi 3 bila shida. Vipange kwanza kwenye trei visigusane, vikishaganda uvitie kwenye mfuko, la sivyo vitashikana vyote kuwa donge moja. Unatoa unachotaka, kinakaa nje dakika 15, kinalika.

Maharage yaliyopikwa nayo gandisha kwa mafungu ya gramu 250, uandike tarehe juu. Siku ya kupika unachemsha fungu moja kwa maji kidogo, unalisaga la moto, nusu ya kazi imekwisha.

#22 Mpenda Tamu

Nimepika brauni jana usiku, leo asubuhi nimekata. Jana nilionja pembeni, kusema kweli nilivunjika moyo, ilikuwa inanata na maharage yapo. Nikakumbuka herufi kubwa za dada, nikafunika. Leo ni kitu kingine kabisa. Baba amekula kipande kimoja baada ya chakula, tumempima sukari, tutampelekea muuguzi wake vipimo wiki ijayo. Ameuliza kama kesho kuna kingine.

#23 Mwiko wa Mti (mleta mada)

Kata vipande 20 badala ya 16, halafu mpe kimoja. Na utupe namba za vipimo muuguzi akishaziona, Daftari la Lishe atusaidie kuzisoma. Chokoleti ya kupaka ya maharage meupe nitaiweka hapa kesho, nimeshaloweka.